Kupiga Kambi Nyanda za Juu Kusini Wakati wa Mvua Kubwa na Dhoruba

Mwongozo huu ni kwa vikundi vya skauti, wanafunzi, vijana wa makanisa na misikiti, watafiti na wasafiri wa kawaida wanaokusudia kulala kwenye mahema katika mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wakati wa msimu wa mvua. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kusubiri kiangazi, nao unamfaa mtu asiye na sababu ya kwenda mapema. Lakini maua ya uwanda wa Kitulo, ambayo ndiyo yanayowavuta wengi kupanda kule juu, huchanua kati ya Novemba na Aprili, yaani katika msimu uleule wa mvua, na anayetaka kuyaona hana budi kukubali kunyeshewa.

Mambo mawili yanayoandamana na mvua ndiyo yanayowadhuru watu katika nyanda hizi: baridi inayomwingia mtu aliyelowa, na radi za alasiri. Kinga ya yote mawili hupangwa mchana, kabla wingu halijafunga, kwa sababu hema likishasimamishwa mahali pabaya hakuna ustadi wa saa nne usiku unaoweza kulirekebisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua zinazofuata inahusu mambo ya kufanya kabla tone la kwanza halijaanguka.

Hatua ya kwanza: kujua mvua ya eneo unakokwenda

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba na kuishia Aprili, tofauti na mikoa ya kaskazini na pwani yenye vuli na masika. Hata hivyo mvua haifanani kila mahali. Tukuyu na miteremko ya Mlima Rungwe inayotazama Ziwa Nyasa hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na huko mvua huendelea hadi Mei wakati Mbarali na sehemu za chini za Iringa zimekwisha kukauka. Mtu aliyezoea kambi za Isimila au kandokando ya Hifadhi ya Ruaha asidhani kwamba vifaa vilevile vitamtosha Rungwe.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, wa siku kadhaa mbele, na wa mvua za msimu. Sikiliza hasa ngazi za tahadhari: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mkiambiwa kuna angalizo la mvua kubwa mnaweza kwenda mkiwa mmejiandaa, lakini ngazi ikipanda, ahirisheni. Kikundi chenye watoto kiahirishe hata kwa angalizo, kwa sababu mtoto hupoteza joto la mwili haraka kuliko mtu mzima na hasemi mapema kwamba anaumwa na baridi.

Kumbuka pia mwinuko. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa takribani nyuzi 6. Jiji la Mbeya liko karibu na mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na uwanda wa Kitulo uko karibu na mita 2,600, hivyo jioni inayomtaka mtu wa Mwanjelwa avae sweta moja itamtaka aliyeko Kitulo avae mawili, koti na kofia.

Hatua ya pili: ruhusa na taarifa

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na inayojulikana kwa wenyeji kama Bustani ya Mungu, iko chini ya TANAPA, na kambi hupigwa mahali palipopangwa baada ya kulipa na kujiandikisha getini. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na huko hupandi bila mwongozaji. Ardhi ya kijiji ina wenyewe: nenda kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, salimia kwa utaratibu, eleza mko wangapi na mtalala wapi, ndipo uombe ruhusa.

Ziara hiyo ina faida kubwa kuliko karatasi ya ruhusa. Ukimkuta mzee wa mahali pale, muulize, "Mzee, shikamoo, masika yaliyopita maji ya mto huu yalifika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole mti, jiwe au shamba. Jibu hilo hulipati kwenye ramani ya simu. Muulize pia upepo wa mvua hutokea upande gani, na ni njia ipi inayopitika kukinyesha, kwa sababu njia ya mkato ya kiangazi mara nyingi hugeuka kijito.

Mwachie mtu mmoja nyumbani ratiba yenu na saa ambayo akikosa habari zenu aanze kuulizia. Namba ya dharura ni 112, lakini mtandao hupotea kwenye mabonde na nyuma ya milima, kwa hiyo wakati wa kupanda mwangalie ni wapi simu inashika.

Hatua ya tatu: vifaa vinavyohimili mvua ya huku

Mahema mengi ya bei nafuu yanayouzwa mijini yana tabaka moja la kitambaa chepesi, nayo hufaa kwa kivuli cha ufukweni. Kwa mvua ya Rungwe tafuta hema la tabaka mbili, lenye kifuniko cha nje kinachoshuka karibu na ardhi pande zote. Lebo ikionyesha kiwango cha kuzuia maji kwa milimita, 3,000 kwa kifuniko ni kiwango cha kuridhisha, na sakafu iwe na kiwango cha juu zaidi kwa sababu inabeba uzito wa mwili. Kabla ya safari lisimamishe nyumbani, limwagie maji ya bomba kwa robo saa, kisha ingia ndani na tochi ukague mishono yote. Panapovuja paka gundi maalumu ya mishono. Ukiikosa, nta ya mshumaa iliyosuguliwa vizuri kwenye mshono mkavu itakuvusha safari moja.

Kama huna fedha ya hema zuri, nunua turubai zuri. Hema la kawaida lililofunikwa kwa turubai la mita 4 kwa 5, lililofungwa juu yake bila kuligusa, hulala kavu kuliko hema la bei kubwa lililosimamishwa ovyo. Turubai hilohilo huwapa mahali pa kupikia, pa kuvulia viatu na pa kukaa mvua inapogoma kukatika tangu saa saba mchana hadi usiku.

Vigingi vya chuma vyembamba vinavyokuja na hema havishiki kwenye udongo uliolainika. Chonga vigingi vya mianzi au mti mgumu vyenye urefu wa sentimita 30 au zaidi, na mvichonge nyumbani, kwa kuwa ndani ya hifadhi hairuhusiwi kukata hata fito. Chukua kamba za akiba. Fahamu kwamba kamba ya nailoni hulegea ikilowa na ya katani hukaza; ya nailoni itahitaji kukazwa tena usiku, na ya katani ilegezwe kidogo mapema isije ikang'oa kigingi.

Kuhusu mavazi, fulana ya pamba na suruali ya jinzi ni mavazi mabaya kuliko yote kwa safari hii, maana hunyonya maji, hukaa na ubaridi na hazikauki. Masweta ya sufu na ya manyoya bandia hubaki na joto kiasi hata yakiwa na unyevu, na kwenye marobota ya mitumba ya Mbeya na Iringa hupatikana kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Koti la mvua liwe refu na lenye kofia. Gambuti hufaa kambini na kwenye tope, ila kwa kupanda mlima vaa viatu vyenye soli ya meno, kwa sababu gambuti likijaa maji huteleza ndani na nje.

Mfuko wa kulalia ukikosekana, blanketi mbili nzito kwa mtu mmoja zinatosha, mradi zisilowe. Chini yake pawe na kipande cha sponji au mkeka mnene, kwa sababu ardhi iliyolowa hunyonya joto la mwili kwa kasi kuliko hewa. Watu wengi hujifunika blanketi tatu juu na kuacha chini kitambaa cha hema peke yake, kisha hushangaa kwa nini hawapati joto.

Hatua ya nne: kufunga begi

Kitambaa cha begi hata kiwe kizuri namna gani hupitisha maji kwenye zipu. Kinga ifanywe ndani. Mifuko miepesi ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata kabla ya hapo haikufaa kitu kwa kazi hii. Kinachofaa, na ambacho wakulima wa Mbozi na Mufindi wanakifahamu vizuri, ni mfuko wa kuhifadhia nafaka bila dawa unaouzwa kwa jina la kinga njaa: ndani yake mna tabaka mbili za nailoni nzito. Toa nailoni moja, itandaze ndani ya begi, panga vitu vyako humo, kisha sokota mdomo wake na uukunje. Begi likianguka mtoni litaelea, na blanketi zitatoka kavu.

Tenga seti moja ya nguo za kulalia: suruali, sweta, soksi na kofia. Zifunge peke yake na usizivae kwa sababu yoyote mpaka utakapokuwa ndani ya hema umejifuta. Asubuhi zivue uzirudishe, uvae tena zile zilizolowa. Kitendo hicho cha asubuhi hakifurahishi hata kidogo, lakini anayekwepa kukifanya hana nguo kavu usiku wa pili.

Hema na turubai vikae juu kabisa katika begi, maana ndivyo vitakavyotangulia kutoka, pengine mvua ikiwa imekwisha kuanza.

Hatua ya tano: kufika mapema na kuchagua kiwanja

Katika msimu wa mvua, asubuhi nyingi za nyanda hizi huanza na ukungu kisha jua. Mawingu hukusanyika kuanzia saa sita, na dhoruba zenye radi hupiga zaidi kati ya saa nane mchana na jioni. Pangeni safari ili mahema yawe yamesimama kabla ya saa nane mchana. Kikundi kinachofika saa kumi na mbili jioni huchagua mahali pa kwanza palipo tambarare, na mahali palipo tambarare mara nyingi ndipo maji yanapokusanyika.

Anzeni kwa kuangalia yale ambayo maji ya zamani yameandika. Majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye vichaka vinaonyesha kimo ambacho mto ulifikia. Nyasi zilizolala upande mmoja zinaonyesha mkondo ulipopita. Matete na udongo mweusi unaobonyea chini ya kisigino ni dalili ya kinamasi. Katika Iringa na Njombe, ukiona vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimelimwa, basi wenyeji wamekwisha kukujulisha kwamba maji yako karibu na uso wa ardhi. Hapo panafaa mboga, wala si mahema. Kitulo nako kuna mabonde ya nyasi laini yanayoonekana kama zulia, ambayo baada ya saa moja ya mvua hugeuka bwawa la kina cha kifundo cha mguu.

Mahali pazuri ni pale palipoinuka kidogo kuliko pande zake, penye mteremko mdogo sana wa kupitishia maji, penye nyasi fupi, na penye kilima au kichaka cha chini cha kukata upepo. Pawe mbali na ukingo wa mto, na juu yake kwa mita kadhaa. Mvua ikinyesha kwenye Milima ya Uporoto, mto wa bondeni unaweza kujaa ilhali mlipo ninyi jua linawaka.

Angalia juu pia. Mikaratusi, ile milingoti inayopandwa kandokando ya mashamba, huangusha matawi makubwa bila onyo. Misindano, yaani misonobari, iliyosongamana kama ile ya shamba la miti la Sao Hill hukingana upepo, lakini uliobaki peke yake pembeni ya eneo lililovunwa hung'oka kwa urahisi udongo ukishalainika. Msilale chini ya mti mkavu, wala chini ya mti mrefu uliosimama peke yake.

Kisha angalia mteremko ulio nyuma yako. Udongo wa Rungwe na Mbeya unatokana na majivu ya volkano. Una rutuba nyingi, na ukishiba maji huporomoka. Aprili 2024 tope kutoka Mlima Kawetere lilifukia nyumba katika kata ya Itezi, jijini Mbeya, na nyumba za matofali zikishindwa, hema halina la kufanya. Usipige kambi chini ya mteremko mkali uliolimwa au uliokatwa miti, chini ya ukingo wa barabara iliyochongwa, wala mahali penye nyufa mpya ardhini au miti iliyoinama upande mmoja.

Ufukweni Matema hali ni tofauti. Hakuna baridi ya kutisha, lakini Ziwa Nyasa huweza kuchafuka usiku, na mawimbi yakapanda mchanga kwa umbali usioutarajia. Simamisha hema nyuma ya mstari wa takataka zilizoachwa na mawimbi, mbali na midomo ya mito, na usisahau chandarua, maana mbu wa Kyela hawafanani na wachache wa milimani.

Hatua ya sita: kusimamisha hema

Mvua ikiwa tayari inanyesha, tangulizeni turubai. Watu wawili wafunge pembe zake kwenye miti au fito, upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine ili maji yatiririke kwa nyuma, kisha hema lifunguliwe na kuunganishwa chini yake. Maji yakituama katikati ya turubai yatalilemea hadi lichanike, kwa hiyo likazeni mpaka lisiwe na tumbo.

Mlango wa hema uelekee upande ambao upepo hautokei, na upande mwembamba wa hema ndio upokee upepo. Vigingi vipigwe kwa mshazari, kichwa kikiegemea upande wa nje wa hema, na juu ya kila kimoja pawekwe jiwe kama yapo. Fungeni kamba zote za kuvutia, hata zile ambazo siku za jua huonekana kama mapambo, kwa sababu ndizo zinazokitenga kifuniko cha nje na kitambaa cha ndani. Vikigusana, maji hupenya hapohapo.

Nailoni ya kutandika chini ya hema isitokeze nje hata kwa sentimita moja. Ikitokeza hupokea maji ya kifuniko na kuyaingiza chini yenu, nanyi mtalala juu ya dimbwi mlilolitengeneza wenyewe. Ikunjeni kingo zake ziingie ndani.

Kuna desturi ya zamani, inayofundishwa hata leo katika kambi za shule, ya kuchimba mfereji kuzunguka hema. Kwa maoni yangu mfereji ni ushahidi kwamba kiwanja kilichaguliwa vibaya. Ndani ya hifadhi ni kosa, na kwenye mteremko wa udongo wa volkano huanzisha mmomonyoko utakaoendelea baada yenu kuondoka. Mkijikuta kwenye uwanja wa kijiji na hamna pengine pa kwenda, chimbeni mfereji mwembamba wa kina cha vidole vinne upande wa juu tu, kwa ruhusa ya wenyeji, na mfukie kesho yake.

Acheni matundu ya hewa wazi hata kunyeshe. Pumzi za watu watatu usiku kucha hutoa maji ya kutosha kulowesha paa la ndani, na wengi hudhani hema linavuja kumbe ni mvuke wao wenyewe. Zipu ya chandarua, hata hivyo, ifungwe muda wote, kwa kuwa mvua huwahamisha siafu kutoka mashimoni na hutafuta mahali pakavu kama ninyi.

Hatua ya saba: moto na chakula

Msitegemee kuni. Bebeni jiko dogo la gesi na lipikiwe chini ya turubai, nje ya hema. Pale ambapo moto unaruhusiwa, okoteni matawi makavu yaliyonasa juu ya vichaka badala ya yale yaliyolala ardhini, myapasue, na muwashie kwa moyo wa ndani ambao haujalowa. Vijiti vya msindano vyenye utomvu hushika moto hata vikiwa na unyevu.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata kwa dakika tano za kuota, hata likionekana limebaki majivu. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayomlewesha mtu usingizi na kumuua humohumo usingizini. Kila mwenye dhamana ya kikundi alisimamie jambo hili yeye mwenyewe, kwa kuwa usiku wa baridi kali ndipo wazo la kuingiza jiko linapoonekana la busara.

Chakula kiwe chepesi kupika na kizito mwilini: viazi vilivyochemshwa nyumbani, karanga, maparachichi, mkate, uji wa lishe, chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha. Mle kabla ya kulala, kwa sababu mwili unaomeng'enya hutoa joto. Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa katika msimu huuhuu wa mvua na mtakaribishwa mkipita vijijini. Uacheni mpaka siku ya kurudi. Kileo hupanua mishipa ya ngozi, mtu akajihisi ana joto huku joto la ndani likimtoka.

Hatua ya nane: dhoruba ya radi inapofika

Hema haliwakingi na radi, na nguzo zake za chuma hazisaidii. Kibanda cha nyasi na banda la bati lisilo na kuta navyo havikingi. Mahali pa usalama ni mawili tu: nyumba imara iliyofungwa pande zote, na gari lenye paa la chuma, vioo vikiwa vimepandishwa. Kwa hiyo wakati wa kuchagua kiwanja pimeni pia ni dakika ngapi za kukimbilia nyumba au gari lililo karibu.

Hesabuni muda kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde 3 ni sawa na kilomita moja. Muda ukipungua chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kupiga mlipo. Ondokeni mahemani mwende mahali pa usalama, wala msitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sharti hili la dakika 30 ndilo linalovunjwa zaidi, kwa sababu mvua hukatika, jua likatokeza, na watu wakatoka kuanika nguo ilhali wingu bado liko juu ya kilima cha pili.

Kama hakuna nyumba wala gari, kama inavyotokea katikati ya uwanda wa Kitulo au kwenye ukingo wa kreta ya Ngozi, kinachobaki ni kupunguza hatari tu. Shukeni kutoka kwenye mgongo wa mlima na vilele. Ondokeni majini, na mjitenge na uzio wa seng'enge, nguzo za umeme na mti wowote uliosimama peke yake. Msikusanyike, kaeni kwa kuachana mita 15 au zaidi, ili mmoja akipigwa wawepo wa kumhudumia. Chuchumaeni miguu ikiwa pamoja, msilale chini, kwa maana umeme wa radi husambaa ardhini, na aliyelala au kupanua miguu huupa njia ya kupita mwilini. Ndiyo sababu ng'ombe waliojikinga chini ya mti mmoja huanguka wote kwa pigo moja.

Wengi tumelelewa tukikatazwa kuvaa nyekundu na kuagizwa kufunika vioo mvua inaponyesha. Rangi ya nguo haiiti radi. Kimo chako na mahali uliposimama ndivyo vyenye uzito. Yupo anayevua fulana nyekundu kwa haraka kisha akasimama chini ya mlingoti.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, na anaweza kuguswa mara moja. Kama hapumui, anzeni kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na msiache huku mwingine akitafuta msaada. Wakiwa wamepigwa watu kadhaa, mwanzeni yule aliye kimya.

Hatua ya tisa: kuulinda mwili usiku

Dalili za mwili kupoteza joto ni hizi: kutetemeka kusikokoma, vidole kushindwa kufunga zipu, ulimi kuwa mzito, kujikwaa, na mtu kusema hajali au anataka aachwe alale. Mtetemeko ukikoma wakati mtu bado ni wa baridi na amechanganyikiwa, hali imekuwa mbaya, na huyo anahitaji hospitali.

Mwingizeni hemani, mvueni nguo zote zilizolowa, mkausheni na kumvika zile kavu zilizotengwa. Mlazeni juu ya sponji au mabegi, mumfunike mpaka kichwani. Chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye kitambaa ziwekwe kwapani na kifuani. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni chai yenye sukari kidogokidogo. Msimsugue mikono na miguu, msimpeleke karibu na moto mkali, na msimpe pombe.

Usiku wa dhoruba mtu mmoja awe na zamu ya kuamka kila baada ya saa mbili: akaze kamba, amwage maji yaliyotuama juu ya turubai, na asikilize mto. Mngurumo ukibadilika, mawe yakisikika yakigongana, au maji yakigeuka rangi na kuleta majani mengi, waamsheni wote mpande juu mkiwa na tochi, makoti na watoto, na vitu vingine viacheni.

Hatua ya kumi: asubuhi na kurudi

Msiharakishe. Mto uliojaa ghafla mara nyingi hupungua baada ya saa chache, na maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba magari mengi madogo. Msivuke kwa kumfuata aliyevuka jana. Barabara za udongo nazo zahitaji subira: njia ya kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba si ya kujaribiwa na gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne muda mfupi baada ya mvua, na dereva wa huko akisema tungoje, ngojeni.

Rudisheni kiwanja kama mlivyokikuta, ripotini getini au kwa mwenyekiti kwamba mmetoka salama, na yule mliyemwachia ratiba mpigieni simu. Mkifika nyumbani, hema lisilale ndani ya mfuko wake hata usiku mmoja likiwa na unyevu, maana ukungu huota kwenye mishono na kula tabaka la kuzuia maji. Litundikeni kivulini penye upepo, sakafu ikiwa juu, na mpanguse tope kwa maji matupu bila sabuni ya unga. Nguzo zikaushwe kwenye viungio, na kamba zilizochakaa zikatwe siku hiyohiyo ili asiyejua asije akazifunga safari ijayo.